Nimetoka Sungura, Nakabidhiwa Chipukizi: Nianzie Wapi?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Nakuru. Kwa miaka kadhaa nimejitolea kulea skauti wadogo wa daraja la Sungura. Mwenzangu aliyekuwa akiongoza Chipukizi, daraja linalofuata la skauti wakubwa kidogo, amehamishiwa shule nyingine, nami nimeombwa nishike nafasi yake. Vijana hawa wana mazoea yao, na kila ninapotoa agizo, baadhi yao hunikumbusha jinsi kiongozi wao wa zamani alivyokuwa akifanya. Nifanye nini ili wanikubali?

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kuaminiwa, na ahsante kwa kukubali kazi isiyo na mshahara. Kwa maoni yangu, jambo linalokukabili si kukubaliwa tu, bali ni kwamba kazi yenyewe imebadilika. Katika Sungura, mtu mzima ndiye anayeanzisha mchezo, anayesimulia hadithi na anayeamua lini watoto wapumzike. Ukiendelea hivyo na Chipukizi, utachoka wewe na watachoka wao, kwa sababu wamefikia umri wa kutaka kuaminiwa.

Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi Agosti 1907, aliwachanganya wavulana wa familia tajiri na wa familia za wafanyakazi, akawagawa katika patroli nne, yaani vikundi vidogo, kila moja ikiwa na kiongozi kutoka miongoni mwao. Utaratibu huo ndio uti wa mgongo wa uskauti hadi leo. Kwa hiyo, maagizo yako yapitie kwa viongozi wa patroli. Kutana nao kabla ya kila mkutano wa kundi zima, waulize wanataka kujifunza nini, kisha uwaachie wapange nani atafundisha mafundo, nani atapika kambini na nani atatunza mahema. Watakosea, na chakula kitaungua siku moja au mbili; usikimbilie kuwanyang'anya sufuria. Jukumu lako ni kuzuia hatari, kisha kuketi nao baadaye na kuwauliza wangefanyaje tofauti.

Kuhusu kiongozi wa zamani, usishindane na jina lake. Mwombe aje siku moja akukabidhi mbele ya vijana, na makabidhiano yaandikwe: orodha ya wanachama, vifaa vya kambi, fedha zilizopo na madeni, kama yapo. Katika muhula wa kwanza, desturi zisizo na madhara ziache zilivyo, hata kama wewe ungezipanga vingine. Vijana wakiona kwamba unaheshimu walichokijenga, watakusikiliza utakapotaka kubadili jambo.

Lipo jambo moja ambalo halisubiri muhula wala mazoea, nalo ni usalama wa watoto. Usikubali mtu mzima yeyote, wewe ukiwamo, kukaa faraghani na mtoto mmoja. Safari na kambi ziwe na viongozi wazima wawili au zaidi, walale mbali na mahema ya vijana, na kila mzazi atoe ridhaa kwa maandishi pamoja na kueleza maradhi na dawa za mwanawe. Ukikuta desturi ya kuwadhalilisha wanachama wapya kwa kisingizio cha kuwakaribisha, ikomeshe siku hiyo hiyo, hata kama waliotangulia waliipitia.

Hatimaye, mwulize kamishna wa skauti wa eneo lako kuhusu mafunzo ya viongozi wa Chipukizi, kwa kuwa uliyojifunza kwa ajili ya Sungura hayatatosha. Mafunzo ya viongozi yaitwayo Wood Badge, yaliyoanza Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919, humfanya kiongozi mzima aishi ndani ya patroli kama kijana, apike, apige hema na kumtii mwenzake aliyechaguliwa kuongoza. Nenda mapema iwezekanavyo, na kabla ya kuondoka wakabidhi viongozi wa patroli ratiba ya mkutano utakaokosa, huku mwalimu mwenzako akiwa karibu nao.