Printa mpya, oskiloskopu ya zamani

Pole kaka wa Changamwe. Umesema printa mpya inachapisha vizuri kutoka kwenye kompyuta, ila ukiiunganisha na oskiloskopu yako ya zamani (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) inanyamaza. Usiifungue, huenda ni nzima. Printa nyingi za bei nafuu hutegemea kompyuta iziandalie ukurasa, na oskiloskopu haiwezi kazi hiyo. Tafuta printa, hata ya mtumba, inayoelewa PCL au ESC/P, yaani lugha za kuiamuru printa, kisha uchague lugha hiyohiyo kwenye menyu ya oskiloskopu.

Kwa kebo ya RS-232 (ile ya zamani inayopitisha data biti moja moja), kasi ya data ilingane pande zote mbili, tuseme biti 9600 kwa sekunde. Herufi zikitoka ovyoovyo, kagua kasi kwanza. Ikibaki kimya, jaribu kebo inayopishanisha pini ya 2 na ya 3, zile za kutuma na kupokea data.