Vidole Havifiki: Maswali Yenu ya Kinanda na Gitaa

Safari hii ujumbe umekuwa mwingi kuliko nafasi, na karibu wote unalia kilio kimoja: wimbo ni mgumu, vidole havitii. Nimechagua michache. Walioniuliza bei ya vinanda vya mtumba wanisamehe, mimi si dalali.

Shikamoo Mwalimu. Napiga kinanda kwaya ya parokia, nimejifunza mwenyewe. Mwenyekiti ametangaza kwamba Pasaka tutaimba Haleluya ya Handel, na imebaki miezi miwili. Nikitazama karatasi, mkono wa kulia una nota kama mchanga wa pwani. Nikatae? (Mpiga kinanda, Morogoro)

Marahaba. Usikatae. Ila usipige kila kilichoandikwa.

Karatasi uliyonayo haikutungwa kwa ajili ya kinanda. Handel alitunga Messiah, ile kazi kubwa ambayo Haleluya yako imetoka humo, mwaka 1741, kwa siku 24 tu, na akilini mwake kulikuwa na violini, tarumbeta na ngoma. Wengine ndio waliokuja baadaye wakaubana umati wote huo uingie kwenye mikono miwili ya mtu mmoja. Kwa hiyo nyingi ya hizo nota za mchanga ni violini zikijibizana na waimbaji. Kanisani kwenu hakuna violini, na hakuna atakayezitafuta.

Kazi yako ni moja: kwaya isipotee. Mkono wa kushoto upige besi yote, hapo sikusamehe hata nota moja. Mkono wa kulia ushike ule utangulizi mfupi wa mwanzo, kisha ufuate sauti za waimbaji. Mapambo utayaongeza baadaye kama muda utabaki, na hautabaki.

Sasa chukua penseli. Kipande kizima kina vipimo 94, yaani zile nafasi kati ya mistari ya wima. Pita kimoja kimoja, polepole, uweke alama pale tu unapojikwaa mara tatu mfululizo. Sidhani kama utafika 20, maana sehemu kubwa ni Haleluya ileile inarudi na nguo nyingine. Alama hizo ndizo mazoezi yako. Tabia ya kuanza ukurasa wa kwanza kila siku, ukafika palepale pagumu umechoka, ukakwama, ukarudi mwanzo, ndiyo inayotufanya tuwe mabingwa wa kurasa za kwanza.

Najua utaweka alama wapi. Ni pale besi wanapoanza peke yao "atatawala milele", wakafuata tenori, wakaja alto, kisha soprano, kila mmoja akiingia juu ya mwenzake kama watu wanaogombea daladala. Usijaribu kuwapiga wote wanne. Shika besi, na mkono wa kulia umsindikize yule anayeingia wakati huo, maana ndiye mwenye hofu. Anza na sehemu hiyo, wiki mbili za kwanza, kabla hujagusa mwanzo.

Halafu kuna kimya. Kabla ya Haleluya ya mwisho kabisa kila mtu ananyamaza, kinanda pia. Karibu kila Pasaka nasikia kinanda mahali fulani kikilia katikati ya kimya hicho. Mwaka mmoja kilikuwa changu, na mgeni rasmi aligeuka kunitazama. Andika kwa kalamu nyekundu: MIKONO JUU.

Mwalimu wetu wa kwaya anasema kutumia kitufe cha transpozi ni wizi. Mimi napiga kila wimbo kwenye funguo nyeupe, Do yangu ni ileile, halafu nabonyeza sauti ipande au ishuke. Nani mkweli? (Kahama)

Si wizi, ni mkopo. Siku utakapokuta piano halisi, au kinanda ambacho kitufe chake kimekufa, utaulipa hadharani. Na kuna siku utasahau kukirudisha, soprano wakaanzia mawinguni.

Ila kuna jambo ambalo wengi hawalijui: funguo nyeupe tupu siyo njia rahisi kwa vidole. Vidole vya katikati ni virefu, gumba ni fupi, na funguo nyeusi zimekaa mbele na juu kidogo, mahali hasa ambapo vidole virefu hufika vyenyewe. Chopin, mtunzi na mwalimu wa piano, aliwaanzishia wanafunzi wake ngazi ya B, yenye funguo zote tano nyeusi, kwa sababu mkono unajilaza pale wenyewe. Wewe huna haja ya kwenda mbali hivyo. Anza na D, nyeusi mbili tu. Ndiyo ufunguo wa Haleluya ya ndugu yetu wa Morogoro, unaweza kumsaidia.

Nataka kuikopi "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco. Nimesikiliza hadi nimeota, na bado nasikia magitaa mawili. Rafiki yangu anasema mzungu aliyerekodi aliunganisha. Ni kweli? (Mombasa)

Si kweli, na nafurahi umeuliza, maana swali hili ningelijibu hata kwa gazeti zima.

Mzungu huyo, Hugh Tracey, aliirekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji wa Kongo ambao leo unaitwa Likasi, Katanga. Ni kijana mmoja, gitaa moja kavu, na mkono wa kulia anatumia vidole viwili tu: gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi za chini, cha shahada kinachokoa za juu. Tulizoea kuambiwa kwamba upigaji mgumu unahitaji vidole vinne. Yeye alitumia viwili, na tangu hapo wapigaji kutoka Katanga hadi Nairobi wamekesha wakijaribu kumfikia.

Sikio lako linadanganywa kwa sababu vidole hivyo havilalii mahali pamoja. Nota ya juu inaangukia katikati ya hatua mbili za gumba, kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja: wakishusha michi pamoja, watagongana. Ukijaribu kujifunza nota za juu na za chini kwa pamoja tangu siku ya kwanza, utagonganisha.

Fanya hivi. Wiki nzima piga gumba peke yake, umbo la kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) ya C na ya F, bila kusimama, mpaka uweze kuagiza chai na kubishana kuhusu mpira huku gumba linatembea. Nasema kweli: kuongea ndicho kipimo. Ukiongea na gumba likayumba, bado. Likitulia, ongeza nota moja ya juu. Moja. Kesho yake ya pili. Mikono ya wengi inashindwa siyo kwa sababu ni mizito, bali kwa sababu kichwa bado kinahesabia gumba.

Tumia programu ya simu inayopunguza mwendo bila kushusha sauti, anza na nusu. Na usishangae mashine ya kutunia ikikukatalia: santuri za zamani mara nyingi zinalia juu kidogo au chini kidogo ya kipimo cha leo. Tuni gitaa lako kwa kufuata rekodi, siyo rekodi ikufuate wewe.

Ukishaweza, iache ya Bosco uanze yako. Hata yeye hakuwa akiipiga vilevile kila mara.

Nina miaka 52, nimeanza gitaa baada ya kupunguzwa kazini. Kodi ya F inanitoa machozi. Ni uzee? (Kisumu)

Pole kwa kazi. Uzee tuuache kwanza, tulipime gitaa. Laza kidole vilevile kama kwenye F, ila kwenye freti ya tano (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Kama pale ni rahisi na kwenye freti ya kwanza ni mateso, basi tatizo ni ule mfupa mdogo kichwani mwa gitaa, ambao nyuzi zimeulalia: mifereji yake haijachimbwa vya kutosha na nyuzi zimekaa juu mno. Fundi ataichimba kwa muda mfupi tu. Usiichimbe mwenyewe kwa kisu cha jikoni, ukizidisha hairudi.

Wakati unasubiri fundi, piga F ya nyuzi nne nyembamba tu. Besi mwachie mpiga besi. Na maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida, yataisha ngozi ikikomaa. Maumivu ya kiungo au kifundo cha mkono si ya kawaida. Hayo yakija, weka gitaa chini siku hiyo.

Najifunza "Für Elise" kwa video zile za mistari ya rangi inayoshuka juu ya funguo. Ukurasa wa kwanza nilimaliza kwa siku nne, sasa huu mwezi wa tatu nimekwama. (Dodoma)

Umekwama mahali dunia nzima imekwama. Beethoven aliuandika mwaka 1810, ukachapishwa 1867 akiwa kaburini miaka 40, na tangu hapo watu wengi wanaujua mwanzo wake tu. Kule Taiwan magari ya taka yanaupiga ili watu watoke na mifuko yao, nayo hayafiki ukurasa wa pili.

Mwanzo ni rahisi kwa sababu mikono inapokezana, mmoja ukipiga mwingine unapumzika. Baadaye inabidi ifanye kazi pamoja, kisha kuna ile sehemu ambayo mkono wa kushoto unapigapiga La moja bila kuchoka. Hapo video inakuangusha, maana inakuonyesha ufunguo gani, haikuambii kidole gani. Wewe umetumia chochote kilichokuwa karibu, na kwa mwendo wa haraka chochote hakitoshi. Chapisha nota zenye namba za vidole, 1 ni gumba, 5 ni cha mwisho, na uzifuate hata zikikukera. Video ibaki kwa ajili ya sikio.

Ukichoka kabisa, weka Elise kabatini mwezi mmoja upige zile Invention za Bach, vipande vyake vya kujifunzia. Ziko 15, ni fupi, mikono yote miwili inafanya kazi sawa tangu kipimo cha pili hivi, na zinaenea vizuri kwenye kibodi ya funguo 61.

Bora dakika 20 kila siku au saa tatu Jumamosi? (Tabora)

Dakika 20. Vidole vinajifunza ukiwa umelala.

Mke wangu anasema amesikia mstari uleule wa gitaa mara mia na atarudi kwao. (Jina nimehifadhi, Tanga)

Kata kipande cha sponji ya godoro, kichomeke chini ya nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa tumboni mwa gitaa. Gitaa litalia kama linanong'ona, na makosa yako utayasikia vizuri zaidi. Kisha Jumapili usiku toa sponji, umpigie mwanzo hadi mwisho, hata kama kuna pengo pale katikati. Mstari ule pekee usiurudie.