Anza na Ronit Elkabetz, hasa kama umewahi kukaa benchi la kadhi

Mleta mada ameomba mwongozaji wa Israel ambaye filamu zake zinagusa dini na maisha ya nyumbani, si vita tu. Mkuu, anza na Ronit Elkabetz. Wengi wanamjua kama mwigizaji, lakini kuna filamu tatu alizoandika na kuongoza na mdogo wake, Shlomi, zinazofuata ndoa ya mwanamke mmoja, Viviane. Chimbuko lake ni maisha ya mama yao.

Ronit alizaliwa Beersheba mwaka 1964, wazazi wake Wayahudi wa Morocco, ndiyo maana humo ndani Kiebrania, Kifaransa na Kiarabu vinachanganyika. Ya kwanza, ya 2004, inaanza usiku: kaka zake Viviane wamemzunguka, wanambembeleza asimwache mume. Aliyewahi kukalishwa kikao cha ukoo atakitambua kikao kile. Ya 2008 ni matanga. Ukoo umejifungia nyumba moja siku saba, magodoro chini, na nje ni Vita vya Ghuba vya 1991.

Ya tatu, Gett ya 2014, ndiyo iliyonishika. Israel haina ndoa ya bomani. Myahudi huoa na kuacha mbele ya marabi, yaani viongozi wa dini ya Kiyahudi, na marabi wanaweza kumwamuru mume, hata kumweka ndani, lakini hati ya talaka lazima itoke kwake mwenyewe, kwa ridhaa yake. Viviane anaisubiri miaka mitano. Karibu filamu nzima ni chumba kimoja cha mahakama na sehemu ya kusubiria. Mume naye si katili. Ni mtu wa dini, majirani wanakuja kumtolea ushahidi mzuri, na hapo ndipo penye uzito: wema wake unageuka kuwa hoja dhidi ya mkewe.

Mimi niliwahi kumsindikiza dada yangu kwa kadhi. Kwetu Waislamu kuna fasakhi, yaani kadhi mwenyewe kuivunja ndoa, kwa hiyo mume akigoma kadhi bado ana njia. Lakini shemeji alikuwa haji. Jina linaitwa, hayupo, tunapangiwa tarehe nyingine. Karatasi ya wito dada aliikunja mara nne akaitia kwenye mkoba, mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Kwenye Gett, kila maandishi ya kuhesabu miezi yalipotokea, niliikumbuka karatasi ile.

Mwaka 2015 filamu hiyo ilionyeshwa kwa mahakimu wa marabi wenyewe, kwenye mkutano wao wa mwaka. Mwaka uliofuata, Aprili, Ronit akafariki kwa saratani, ana miaka 51. Bado inaniuma.

Baadaye niliitazama na dada. Kuna mahali Viviane anafungua nywele zake mbele ya mahakimu, anazipitisha vidole taratibu, na hakimu anamkemea azifunge. Mimi nilidhani ni ukaidi. Dada akatikisa kichwa. "Amechoka kukaa," akasema, na hakusema tena mpaka filamu ikaisha.