Kabla hujanunua shawa, pima maji yako kwanza

MASWALI YA WASOMAJI: NYUMBA NA UJENZI

Fundi salaam aleikum. Mimi niko Jinja, nyumba yetu ni ya zamani, ya chini tu haina ghorofa, na sasa tumeamua kuvunja bafu lote tulitengeneze upya manake ukuta umeota ukungu na tailizi zinabanduka zenyewe. Tuko watu 6, mimi na mzee, watoto 3, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua na maji ya baridi asubuhi hayawezi kabisa. Mzee ameona shawa ya mvua, ile pana kama sahani ya pilau, anaitaka hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nafikiria shawa ya umeme ile unawasha maji yanatoka moto papo hapo, alafu jirani anasema weka sola ya kupasha maji ndo utapumzika. Tanki letu ni la lita 1,000, liko nje kwenye stendi, chini yake ni kama mita 4 kutoka ardhini. Fundi wa umeme anasema tukichagua ya umeme atavuta waya kutoka soketi ya chumba cha kulala. Tuchukue ipi?
Mama wa watatu, Jinja

Wa aleikum salaam mama. Naanza na hilo la mwisho manake ndo limenitia hofu: huyo fundi mwambie asimame, asiguse kitu. Shawa ya umeme ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 240 inavuta karibu ampea 23. Soketi ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 13 na waya wake mara nyingi ni wa milimita za mraba 2.5, sasa ukiupitishia mzigo huo kila asubuhi watu 6 wanaoga mmoja baada ya mwingine, waya unapata moto ndani ya ukuta, ganda lake linalainika polepole na nyinyi hamuoni kitu mpaka siku mnasikia harufu. Shawa ya umeme inataka laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 6, sakiti breka ya ampea 32, na swichi ile kubwa inayokata nyaya zote mbili, ikae nje ya bafu. Na juu ya hapo uweke kifaa cha kukata umeme ukivuja, cha miliampea 30. Kuhusu waya wa athi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, sitaki mjadala. Nimeingia nyumba za watu nikafungua shawa nikakuta athi imekatwa na kukunjwa nyuma, na wenyewe wanasema "inapigaga shoti kidogo tu tumezoea". Jamani, mtu ana maji mwilini, miguu mitupu kwenye sakafu mbichi, hiyo shoti kidogo siku moja haitakuwa kidogo. Tafuta fundi wa umeme mwenye kibali cha ERA, ile mamlaka ya kusimamia umeme Uganda, mwombe akuonyeshe, si kumdharau, ni haki yako.

Haya, sasa tuje kwenye maji yenyewe, manake watu wengi wanaenda Nakasero au hadiwea za Main Street hapo kwenu wananunua shawa kwa macho, kwa sababu inang'aa, alafu nyumbani inatoa maji kama mtoto anakojoa. Shawa haitengenezi presha, inagawa tu ile uliyonayo. Na presha ya tanki ni kimo, basi. Tanki likiwa mita 10 juu ya shawa unapata kama bar 1, bar ndo kipimo cha presha. Lako liko mita 4, shawa inafungwa mita 2 kutoka sakafuni, kwa hivo umebaki na mita 2, ambayo ni bar 0.2. Ni kidogo sana mama, na ukubwa wa tanki hausaidii hapo, hata ungeweka la lita 10,000 kwenye stendi hiyo hiyo presha ni ile ile.

Usiniamini mimi, pima. Chukua jerikeni ya lita 20, iweke chini ya bomba la shawa likiwa halina kichwa, fungua mpaka mwisho na uangalie saa kwenye simu. Ikijaa kwa dakika 2 una lita 10 kwa dakika, hiyo ni nzuri, unaoga vizuri kabisa. Ikichukua dakika 3 bado unaweza. Ikichukua dakika 5 una lita 4 tu, na shawa ya mvua hapo sahau, ile pana inataka lita 12, 15 na zaidi ndo matundu yote yapate maji. Niliwahi kufungia familia moja Mukono shawa ya mvua ya sentimita 25 kabla sijawa na hii tabia ya kupima, wamefurahi, tumefungua maji, yakatoka kwenye matundu ya katikati peke yake na ya pembeni yakabaki makavu. Tulibandua tailizi mpya kubadilisha. Iliniuma sana manake ile pesa walikuwa wameikusanya mwaka mzima, na tangu siku hiyo jerikeni inatangulia kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hivo kwa upande wa mzee: mwambie shawa yake inawezekana lakini si hivi tanki lilivyo. Njia moja ni pampu ndogo ya kuongeza presha, inakaa baada ya tanki, inajiwasha ukifungua maji. Inafanya kazi vizuri ila inapiga kelele, inakula umeme, na umeme ukikatika imelala. Na tafadhali pampu isifungwe moja kwa moja kwenye laini ya maji ya mji, inanyonya maji ya majirani na kama kuna bomba limepasuka njiani inaweza kuvuta na uchafu. Njia ya pili, ambayo mimi ndo naipenda kwenu, ni kuinua stendi. Ipeleke mita 6. Hapo juu ya shawa utakuwa na mita 4, presha imekuwa mara mbili, bila umeme, bila kelele, miaka yote. Lakini lita 1,000 ni kilo 1,000, tani nzima iko hewani juu ya watoto wanaocheza, kwa hivo stendi iwe na msingi wa zege na chuma kizito, isiwe ya kuunganishia vipande juu ya ile ya zamani.

Na hiyo stendi inaingia moja kwa moja kwenye swali la sola, ambalo jirani yako hakukuambia lote. Sola nyingi tunazofunga hapa, zile za mirija ya vioo na tanki lake kwa juu, hazitaki presha kubwa, zinajazwa na tanki lako la maji ya baridi, na ili lijaze lazima liwe juu kuliko tanki la sola. Sola inakaa kwenye bati. Bati lenu la nyumba ya chini liko kama mita 3 na nusu au 4, weka sola juu yake, tayari imelipita tanki lenu la sasa, maji hayatapanda. Ukiinua stendi umetibu shawa na sola kwa pesa moja. Kwa watu 6 chukua ya lita 200, yenye hita ya umeme ya akiba ndani kwa siku zile za mvua za Aprili au Novemba ambapo jua linajificha. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivo isikusumbue sana iangalie kaskazini au kusini, iangalie jua tu, pasiwe na mwembe unaotia kivuli mchana, na iinamishwe kidogo ili maji ya moto yapande na vumbi lioshwe na mvua.

Mbona nisikupeleke tu kwa shawa ya umeme? Si mbaya, kwa mtu mmoja au wawili ndo rahisi kuliko zote, dakika 8 za kuoga kwa wati 5,500 ni kama yuniti 0.7 ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Lakini nyinyi ni 6, hiyo inakuwa zaidi ya yuniti 4 kila siku mkioga mara moja, piga hesabu ya mwezi mwenyewe. Alafu ina mpaka wake wa asili: wati 5,500 zinaongeza joto la nyuzi 20 kwa lita 4 za maji kwa dakika, si zaidi. Ukitaka maji mengi yanatoka ya vuguvugu, ukitaka moto lazima upunguze maji. Shawa ya mvua na hita ya papo hapo haziendi pamoja hata kidogo. Kuna pia hita ya tanki ya umeme, ya lita 50, ukiipasha mpaka nyuzi 60 ukachanganya na ya baridi unapata kama lita 100 za kuogea, watu 3 wasiochelewa. Inakula kama yuniti 2 na kidogo kila ikipashwa.

Jambo moja ambalo mafundi wengi wanalikosea ni mikisa, ile koki ya kuchanganya moto na baridi. Maji ya moto na ya baridi lazima yatoke kwenye tanki moja, yawe na presha sawa. Nimeona moto unatoka kwa sola na baridi imeunganishwa kwa laini ya mji yenye nguvu, sasa baridi inausukuma moto urudi nyuma, unafungua moto unapata baridi, watu wanalalamika sola mbovu na sola haina kosa lolote. Mikisa nunua ya brasi, ishike mkononi, ikiwa nyepesi ni plastiki iliyopakwa kromu, hiyo itavunjika ndani ya ukuta. Angalia alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na uliza kama moyo wake wa ndani unauzwa peke yake.

Kwa mama mkwe, hapo ndo moyo wangu uko. Chukua shawa ya mkono yenye mrija, inayopanda na kushuka kwenye reli, aoge amekaa. Weka kiti imara cha plastiki au jenga benchi la simenti la kimo cha sentimita 45 hivi, na vyuma viwili vya kushikia vilivyofungwa kwenye tofali, si kwenye tailizi peke yake. Sehemu ya kuogea isiwe na kizingiti, mteremko wa sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita unatosha kupeleka maji kwenye tundu. Tailizi za chini ziwe za kukwaruza, zile za kung'aa zinafaa ukutani. Na mikisa isiwe mbele chini ya shawa, iwe pembeni, afungue maji na kusubiri yapate moto kabla hajaingia.

Ukuta wenu ulikuwa na ukungu kwa sababu maji yanapita nyuma ya tailizi, kwa hivo kabla ya mpya paka dawa ya kuzuia maji mara mbili, sakafu yote na ukuta mpaka juu ya kimo cha shawa, alafu ziba tundu, jaza maji kidogo sakafuni na uache siku nzima uone kama yanapungua. Dirisha liwe linafunguka. Mabomba ya maji ya moto yawe PPR, ile plastiki ngumu inayostahimili moto, yajazwe maji na yalale usiku mmoja kabla ya plasta uone kama yanavuja, na piga picha ukuta ukiwa wazi, miaka 5 baadaye mtu akitaka kutoboa utanishukuru.

Na kama pesa ya stendi na sola haipo saa hizi, weka shawa ya umeme kwa laini yake kama nilivyosema, lakini bomba la maji ya moto lilaze ukutani sasa hivi wakati umebomoa, uliache limezibwa likisubiri sola.

---

Kaka, nina shawa ya umeme mpya hapa Kabale lakini asubuhi na jioni maji ni ya uvuguvugu tu. Mchana inachoma vizuri. Imeharibika?
Anayetetemeka, Kabale

Pole ndugu yangu. Haijaharibika. Kwanza kwenu ni kama mita 2,000 juu ya bahari, maji yanaingia ya baridi kuliko ya huku kwetu, na zile nyuzi 20 za kuongeza ni zile zile. Pili, jioni kila mtu amewasha vitu na volti inashuka, na nguvu ya shawa inashuka haraka kuliko volti yenyewe: volti 240 ikiwa 200, shawa ya wati 5,500 inabaki na kama 3,800. Punguza maji kwenye koki mpaka yapate moto, na mwombe fundi apime volti pale pale kwenye shawa ikiwa imewashwa. Ikiwa kwenye bodi iko sawa na kwenye shawa imeanguka, waya wako ni mwembamba, badilisha haraka manake hilo joto unalolikosa kwenye maji liko ndani ya ukuta.

---

Fundi, sisi tunatumia maji ya borehole hapa Arua, matundu ya shawa yanaziba kila mwezi na yanaacha rangi nyekundu. Nataka kununua ya umeme, inafaa?
Baba Nyumba, Arua

Hiyo nyekundu ni chuma kwenye maji, Baba. Kwa kichwa cha shawa chagua kile chenye vidundu vya mpira, unavisugua kwa kidole uchafu unatoka, na mara kwa mara kiloweke kwenye siki usiku kucha. Kwa ya umeme kuwa makini sana: nyingi za bei ndogo zina waya wa kupasha moto ulio uchi ndani ya maji, na maji yenye madini na chumvi yanapitisha umeme zaidi. Uliza ile yenye waya uliofunikwa, ya maji ya chumvi, dukani wanaijua kwa jina hilo, na ukikosa Arua agiza Kampala kuliko kuchukua ile nyingine.