Inkognito haing'olewi, na uchafu hauingilii humo

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mwanangu wa kiume ana miaka 11, yuko gredi ya 6. Laptopu ya nyumbani ni ya Windows na tunaitumia sote, na yeye amerithi simu ya babake, ya Android. Nimegundua kila nikiingia sebuleni hulifunga haraka lile dirisha jeusi la Chrome, na nikitazama historia sioni kitu. Nilimpelekea laptopu fundi mmoja mjini, nikampa shilingi 1,500, akaniambia inkognito ameing'oa. Siku ya tatu nimeikuta palepale. Nataka iondoke kabisa, kwenye laptopu na kwenye simu. Yule fundi asema nimpelekee na simu aitie apu ya kumchunga mtoto, shilingi 3,000. Nimpelekee? (Mama, Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Simu usimpelekee. Hilo kwanza, mengine yatafuata.

Inkognito, yaani lile dirisha jeusi la Chrome lisiloweka historia, haing'olewi kwa sababu haikubandikwa juu ya Chrome, imo ndani ya programu yenyewe. Ukipekua mipangilio yote juu hadi chini hutaona swichi ya kuizima. Fundi wako pengine alifuta ikoni, au aliiondoa Chrome akaiweka upya, akakuonyesha upesi upesi ukaridhika. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilifika mwisho siku ya tatu.

Ila kuizuia kunawezekana. Chrome ina masharti yaitwayo sera, ambayo huyasoma kutoka kwenye rejista ya Windows (daftari la mipangilio yake) kila inapowaka, na maofisi na mashule huitumia njia hiyo kila siku. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, andika regedit kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha shuka HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Policies. Humo tengeneza folda iitwayo Google kama haipo, na ndani yake nyingine iitwayo Chrome. Ndani ya hiyo ya Chrome weka thamani ya aina ya DWORD, yaani ya namba, uipe jina IncognitoModeAvailability, na namba yake iwe 1. Funga Chrome, ifungue tena, uandike chrome://policy pale pa anwani. Ukiliona jina hilo kwenye orodha, basi: Ctrl+Shift+N haitafungua kitu tena. Chrome itaanza kukuambia kwamba inasimamiwa na shirika lako. Usishtuke, shirika ni wewe.

Edge, kivinjari kinachokuja na Windows, nayo inataka lake, chini ya Policies\Microsoft\Edge, na jina ni InPrivateModeAvailability, 1 vilevile. Firefox ni Policies\Mozilla\Firefox, jina DisablePrivateBrowsing, 1.

Hapo ndipo mafundi wengi hufunga laptopu na kudai chao, na hapo ndipo mtoto huanza kucheka. Kwa sababu Chrome ina dirisha jingine la mgeni, ambalo nalo husahau kila kitu likifungwa, na sera ya inkognito hailigusi. Ongeza BrowserGuestModeEnabled, namba 0. Halafu kuna kufuta historia kwa mkono: mtoto wa miaka 11 anajua Ctrl+H kuliko mimi. AllowDeletingBrowserHistory, namba 0, humzuia. Na yote hayo ni kutwanga maji kwenye kinu ikiwa yeye anaingia kwa akaunti ileile yako ya msimamizi, maana lile ulilolifunga atalifungua. Mtengenezee akaunti ya kawaida, na paswedi yako isiwe tarehe yake ya kuzaliwa. Nasema hivyo kwa sababu nusu ya laptopu ninazoletewa, paswedi ni tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

Kwa simu, Chrome ya Android haina swichi hiyo kwa mtumiaji wa kawaida. Kwa umri wake umewekewa Family Link ya Google, apu ya mzazi ya kumsimamia mtoto, na ni bure. Mfungulie mwanao akaunti yake chini ya yako, ifute simu ile ianze upya, kisha aingie kwa akaunti hiyo. Inkognito hutoweka yenyewe, bila ya kumlipa mtu. Pia, idhini ya upakuaji ikiwa imewashwa humo, hataweza kupakua kivinjari kingine kutoka Play Store mpaka wewe uidhinishe kwenye simu yako. Watu wa iPhone nao wasilalamike kwamba nimewasahau: ndani ya Screen Time, ukiwasha kizuizi cha tovuti za watu wazima, kitufe cha faragha cha Safari hupotea.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha.

Mama, barua yako yote imeulizia dirisha. Hukuuliza lolote kuhusu kinachoingia. Na si wewe peke yako. Wazazi wanaokuja hapa dukani huniambia "nitolee inkognito" kwa sauti ile ya mtu anayetaka kung'olewa jino, kana kwamba picha chafu zinahifadhiwa humo na ukiitoa zinatoka nayo. Kitu chochote kinachofunguka katika dirisha jeusi hufunguka katika dirisha jeupe, kwa kasi ileile, kwa bando lilelile. Inkognito ni ufagio tu. Mtu akishaondoka, hufagia nyayo zake ndani ya kompyuta hiyo: historia, vidakuzi (vifaili vinavyoachwa na tovuti), yale aliyoyajaza kwenye fomu. Vilivyopakuliwa haviguswi. Fungua folda ya Downloads, mama, kabla hujafungua rejista. Mara nyingi mtoto aliyefagia sebule yote husahau kwamba uchafu ameuweka uvunguni.

Ufagio huo haukutengenezwa kwa ajili ya watoto wala kwa ajili ya waume wenye siri. Apple waliuweka ndani ya Safari mwaka 2005, Chrome ikaja nao 2008, Firefox na Internet Explorer 2009. Haja ilikuwa kompyuta inayotumiwa na watu wengi, ili wa pili asimkute wa kwanza.

Hilo nililijua, na bado nilikosea. Miaka michache nyuma mwenye saiba moja hapa kisiwani aliniita, akaniambia vijana wanamwangalizia ujinga kwenye mashine zake, niwafungie inkognito. Nikamfungia zote kumi kwa saa moja, nikalipwa, nikanywa na kahawa. Wiki haikwisha akanipigia simu. Dada mmoja alikuwa amekuja kushughulikia mambo yake ya eCitizen, akafungua na barua pepe, akamaliza akaenda zake bila ya kutoka kwenye akaunti. Aliyekaa baada yake akaikuta barua pepe iko wazi, na nakala ya kitambulisho imo. Kabla sijaja na sera zangu, wateja wa pale walizoea kutumia inkognito, na dirisha likifungwa kila kitu kinakufa nalo. Nimewavua nguo mimi, kwa malipo. Nilirudi nikairudisha, na Chrome zote nikaziwekea namba 2, ambayo hulazimisha kila dirisha liwe fiche. Vijana nao wakaendelea na ujinga wao hadi tulipochuja mtandao wenyewe, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningemuuliza mwenye saiba anataka nini hasa.

Upande wa pili wa imani hiyohiyo ni wale wanaodhani inkognito huwaficha na dunia nzima. Tovuti unayoitembelea inakuona. Kampuni inayokuuzia intaneti inaona unakokwenda. Ruta ya ofisini inaona. Chrome yenyewe hukuandikia hivyo kila unapolifungua dirisha, na hakuna anayesoma. Mwaka 2020 watumiaji huko Marekani waliishtaki Google wakilalamika kwamba data zao zilikusanywa hata wakiwa ndani ya inkognito. Kesi iliishia kwa maafikiano, na mwaka 2024 Google ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi na kuyaandika upya maelezo yake. Kijana wa baraza anayekuambia "mimi situmii ila inkognito, hakuna anijuaye" muulize hilo.

Kwa hivyo mama, ukitaka kuzuia, zuia njiani. Kama nyumbani mna wai-fai, ingia kwenye ruta na pale pa DNS uweke 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Hii ni huduma ya bure ya Cloudflare kwa familia, ipo tangu 2020, na kazi yake ni kukataa kuzitafuta anwani za tovuti za watu wazima na za virusi. DNS ndiyo inayoiambia kompyuta nyumba ya tovuti iko wapi. Ikikataa kusema, dirisha liwe jeusi, jeupe au la kijani, halifungui. Kwenye simu ya Android kuanzia toleo la 9, nenda kwenye mipangilio ya mtandao, utafute DNS ya faragha, uandike family.cloudflare-dns.com. Hiyo humfuata hata akitumia bando badala ya wai-fai yenu. Na kwenye rejista, palepale ulipokuwa, ongeza ForceGoogleSafeSearch, namba 1, ili utafutaji wa Google usimletee picha hizo.

Atapita? Akiwa mjanja, ndiyo. Apu ya VPN, inayopitisha intaneti yake kwa njia ya siri, huvuka DNS kama maji, ndiyo maana nimesema Family Link iwepo ya kuikataa isipakuliwe. Chrome yenyewe inaweza kutumia DNS yake badala ya yenu. Kuizuia, palepale kwenye rejista ongeza DnsOverHttpsMode, thamani ya maandishi, uandike off. Wai-fai ya jirani humpokea na laptopu bila ya kuuliza. Kivinjari cha aina nyingine kilichopakiwa kwenye fleshi ya rafiki hakisomi zile sera ulizoiandikia Chrome. Mimi mwenyewe nina watoto wawili na laptopu yetu iko juu ya meza ya kulia chakula, kioo kimeelekea jikoni. Kati ya yote niliyokuandikia, hilo ndilo ambalo halijapitwa bado.

Nirudi kwa fundi wako na shilingi zake 3,000.

Apu hizo za "kumchunga mtoto" zinazouzwa kwenye vibanda nimezifungua nyingi. Hazitoki Play Store. Fundi huja nayo kwenye fleshi au huituma kwa WhatsApp, na jambo la kwanza analolifanya ni kuizima Play Protect, mlinzi wa Google anayekagua apu, maana ikiwa macho itapiga kelele. Jambo la pili ni kuipa apu ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Apu yenye ruhusa hiyo husoma kila kilichoandikwa kwenye kioo na inaweza kukubonyezea vitufe. Ujumbe wa M-Pesa inausoma. Namba ya siri ya benki, vilevile. Na kinachosomwa hakiji kwako moja kwa moja. Hupitia kwenye seva ya mtu usiyemjua, kwa akaunti ambayo mara nyingi fundi ndiye aliyeifungua na paswedi anayo yeye. Umempa mtu baki macho ndani ya chumba cha mtoto wako, ukamlipa na juu yake.

Na hawaishii kwa watoto. Apu ileile, kesho anauziwa mume anayemshuku mkewe, au mke anayemshuku mumewe, bei ikipanda kidogo. Hao huwa siwauzii maneno matamu. Kenya ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018, na kuingia kwenye simu ya mtu mzima bila ya idhini yake ni kosa, uwe umemuoa au hujamuoa. Fundi atakuambia kila mtu anafanya. Mwambie akuandikie risiti yenye jina lake na kazi aliyoifanya, uone atakavyokumbuka kwamba kalamu yake imekwisha wino.

Fundi wa kweli utamjua kwa sera hizo. Akikufungulia chrome://policy mbele ya macho yako na kukuonyesha kila mstari na sababu yake, mlipe. Akikuomba paswedi ya Google, PIN ya simu, na umwachie "mpaka alasiri", chukua simu yako urudi nyumbani.

Kwako wewe, kwa kuwa laptopu alishaishika: fungua orodha ya akaunti za Windows uone kama ipo usiyoijua, na uitazame orodha ya programu zilizowekwa siku ile ulipompelekea. Chochote cha kudhibiti kompyuta kwa mbali ambacho hukukiweka wewe, kiondoe. Kisha ubadilishe paswedi za barua pepe na za benki kutoka kwenye simu yako, si kwenye laptopu hiyo. Hayo uyamalize kabla hujaigusa rejista.