Dokta, mbona kichocho kinarudi? Maswali yenu ya mwezi huu

Toleo lililopita niligusia kichocho kidogo tu kwenye mada ya minyoo, meseji zikamiminika. Nimechagua hizi, majina nimeyaacha pembeni kwa heshima ya waliouliza.

Shikamoo dokta. Mimi ni mama, naishi Ukerewe karibu na mwalo. Watoto wangu walipewa dawa ya kichocho shuleni mwaka jana, sasa huyu mdogo analalamika tumbo na choo kina damudamu, tumepima zahanati wanasema kichocho tena. Ina maana zile dawa za shule ni feki? Majirani wameshaanza kuwakataza watoto wao wasimeze.

Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Dawa sio feki, na hao majirani waambie wasiwazuie watoto tafadhali. Prazikwanteli, ndo hiyo dawa ya kichocho, inaua minyoo mikubwa iliyomo mwilini siku ile mtoto anayomeza, basi, kazi yake imeishia hapo, sio chanjo ile. Na ile minyoo michanga iliyoingia wiki chache nyuma haiiwezi sana, inabaki inakua taratibu mpaka nayo inaanza kutaga. Sasa mtoto kameza dawa Jumatatu, Jumamosi yupo ziwani anafua sare na kupiga mbizi na wenzake, unategemea nini mama yangu.

Ngoja niwaeleze mzunguko wenyewe manake nusu ya maswali yenu yanajibiwa hapa. Mtu mwenye kichocho akijisaidia ziwani, au vichakani halafu mvua ikasomba, mayai yakifika kwenye maji yasiyo na chumvi yanaanguliwa, na kijidudu kinachotoka humo kinamtafuta konokono. Kwa kichocho cha tumbo, ambacho ndo kimejaa huko kwenu, konokono wake ni yule mdogo bapa aliyejiviringa, utamkuta kajishika kwenye magugu ya ufukweni pale pale mnapoegesha mitumbwi. Ndani ya konokono vijidudu hivyo vinazaliana kama mwezi hivi au zaidi kidogo, halafu jua likipanda vinatoka, konokono mmoja anaweza kumwaga mamia mpaka maelfu kwa siku, huvioni kwa macho, na vinakuwa vingi zaidi mchana, yaani saa zile zile watoto wanazojaa majini! Vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, kidonda hakihitajiki. Mwengine atawashwa siku hiyo, mwengine hata hashtuki.

Baada ya hapo vinasafiri na damu mpaka kwenye ini, vinakomaa kuwa minyoo, dume na jike wanashikana na kuishi hivo hivo kwenye mishipa ya damu miaka 3 mpaka 10, kuna waliokutwa nayo zaidi ya hapo. Lakini kinachoumiza hasa ni mayai. Sehemu kubwa hayatoki na choo, yananasa kwenye utumbo na ini, mwili unapambana nayo na kuacha makovu, makovu yakizidi damu inakosa njia kwenye ini, ndo unakuta mtu mzima bandama limevimba, tumbo limejaa maji, siku nyingine anatapika damu beseni zima. Ukoo unakaa kikao kumtafuta aliyemroga, kumbe ni mayai ya miaka 20 ya kuoga ziwani.

Kwa hiyo mama, mpe dawa tena, na mwakani akipewa shuleni anywe tena. Hakikisha amekula ameshiba kabla, manake wengi wanaotapika au kusikia kizunguzungu walimeza na njaa. Ile fimbo wanayompimia urefu sio utani, inasaidia kukadiria vidonge kulingana na uzito, mtoto wa kilo 30 kwa mfano ni vidonge viwili vya miligramu 600. Tumbo kuuma masaa machache baada ya dawa ni kawaida, hasa kwa aliyekuwa na minyoo mingi, na hapo ndo maneno ya "dawa inaua watoto" yanapoanzia. Kuhusu maji ya kuoga, chota ujaze pipa, lifunike, liache siku mbili bila kugusa, vile vijidudu haviwezi kuishi muda huo bila kupata mtu. Ila angalia usichote na konokono! Pitisha kwenye kitambaa kwanza. Maji ya kunywa bado uchemshe, hayo ya siku mbili ni kwa ajili ya kichocho tu, kipindupindu na taifodi ni habari nyingine.

Mambo dokta, mi ni mwanafunzi wa skuli Pemba, nina miaka 14. Nikikojoa mwisho mwisho inatoka damu, inachoma kidogo. Washkaji wanasema ndo nshabalehe, kila mwanaume hupitia. Ni kweli?

Si kweli mdogo wangu, na hao washkaji wako nao wapime. Hakuna mwanaume anayebalehe kwa kukojoa damu. Hicho chako kinaonekana ni kichocho cha mkojo, minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya kibofu, na konokono wake ni wa aina nyingine, wa kwenye mito midogo, madimbwi na mabonde ya mpunga kama hayo ya kwenu. Baharini hamna, kwa hiyo ukitaka kuogelea nenda pwani.

Nenda kituo cha afya na usiende alfajiri. Mayai yanatoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, tembea au kimbia kidogo kabla, halafu kwenye kikopo cha maabara usiwape ule mkojo wa mwanzo tu, yale matone ya mwisho ndo yana mali. Nimeona vijana wameambiwa "hamna kitu, ni UTI" kwa sababu tu walikojoa saa 1 asubuhi, wakapewa antibayotiki wakarudi nyumbani na kichocho chao. Usikae nacho miaka, manake kibofu kikiumizwa muda mrefu figo zinaharibika na saratani ya kibofu inaweza kufuata.

Na usiseme huko kwenu kimeisha. Unguja na Pemba kuanzia 2012 waligawa dawa mara mbili kwa mwaka, baadhi ya sehemu wakamwaga na dawa ya kuua konokono majini, kikashuka sana kwa kweli, lakini kuna vijiji kiligoma kuondoka kabisa.

Daktari, niko Kwale. Nina miaka 27, nikishiriki na mume wangu natokwa damu, tumbo la chini linauma na nina uchafu usioisha. Nimetibiwa magonjwa ya zinaa mara kadhaa, yeye amepimwa hana kitu, sasa ndani ya nyumba maneno hayaishi, ananiuliza nimeutoa wapi. Nimechoka.

Pole sana dada yangu. Swali langu la kwanza, ulipokuwa mdogo ulikuwa unachota maji mtoni, unafua huko, unaoga huko? Manake huko Kwale kichocho cha mkojo kipo miaka mingi, na kitu ambacho hata wahudumu wengi wa afya hawakikumbuki ni kwamba mayai yake hayaishii kwenye kibofu. Yananasa pia kwenye shingo ya kizazi na kuta za uke. Dalili ndo hizo hizo ulizoandika, na dawa za zinaa haziyagusi hata kidogo ndo maana hupati nafuu.

Sisemi kwa uhakika kwamba ni hicho, damu baada ya tendo ina sababu nyingi ikiwemo saratani ya shingo ya kizazi, kwa hiyo usinunue dawa dukani ukajitibu. Nenda hospitali uangaliwe kwa kifaa, na umwambie daktari neno kichocho wewe mwenyewe, usisubiri alifikirie yeye. Akiangalia anaweza kuona mabaka ya njano kama chembe za mchanga, au vimishipa vya damu visivyo vya kawaida. Mkojo unaweza kuwa msafi kabisa bila yai hata moja na bado ikawa ni hicho, usikubali kufukuzwa kwa jibu la mkojo peke yake.

Mumeo asome hapa: kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana. Kinatoka majini, na unaweza kuwa nacho tangu darasa la tatu. Hujakitoa kwa mtu. Ila vidonda vile vinarahisisha kupata virusi vya ukimwi na kikiachwa kinaweza kuharibu uzazi, hivo wahi. Dawa ni ile ile prazikwanteli, itaua minyoo, makovu ya zamani yanaweza yasiondoke yote.

Dokta nauza dagaa Musoma, wateja wananiuliza kama dagaa wana kichocho. Na mke wangu ana mimba ya miezi 5 walimruka kwenye ugawaji wa dawa, ni sawa?

Dagaa hawana kichocho, uza kaka. Hatari yako ni kusimama majini ukiwapokea kutoka kwenye mtumbwi, vaa gambuti kama unazo.

Kuhusu shemeji, walimruka kwa mazoea ya zamani. Shirika la Afya Duniani linasema mjamzito aliyepita miezi mitatu ya mwanzo anaweza kupewa, na anayenyonyesha pia. Aende kliniki na kadi yake aulize. Hata watoto wa miaka miwili sasa wanashauriwa kutibiwa, na kwa wadogo zaidi kimetengenezwa kidonge chao kinachoyeyuka kwenye maji, hakina ule uchungu wa vidonge vya wakubwa, kilijaribiwa Kenya na Ivory Coast. Kama hapo kwenu hakijafika, mwenye mtoto mdogo anayekwenda naye ziwani kila siku asikae kimya, ampeleke apimwe kwanza.