Kwa nini kimbunga Haiyan kiliua watu wengi licha ya onyo la mapema
Umeuliza kwa nini Haiyan, ambacho Wafilipino hukiita Yolanda, kiliua zaidi ya watu 6,000 ilhali onyo lilitolewa mapema. Kilianza karibu na Mikronesia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, mwanzoni mwa Novemba 2013 kama mgandamizo mdogo wa hewa, kikapata nguvu kutokana na joto la bahari, na kilipotua Guiuan, mji wa mashariki mwa Ufilipino, tarehe 8 upepo wake ulikadiriwa kufikia kilomita 315 kwa saa. Hata hivyo, muuaji mkuu alikuwa maji: upepo uliisukuma bahari ndani ya ghuba nyembamba hadi ikaufunika mji wa Tacloban kwa mita kadhaa, na wengi hawakuelewa istilahi ya kitaalamu iliyotumika katika onyo (wangeambiwa ni kama tsunami, nadhani wangekimbia). Kilififia baada ya kufika Vietnam.